Sukari ya Mbuzi

Sajenti Milcah Thoya hakupenda kumhoji mtu mwenye njaa, na wenzake wa kituo cha polisi cha Kisauni walimcheka kwa hilo. Aliweka mahamri na kikombe cha chai juu ya meza, akavisogeza upande wa pili, akangoja.

Gladys Baya aliyatazama mahamri, kisha akamtazama yeye.

"Matthew amekula?"

"Nimeambiwa anaendelea vyema."

"Sikuuliza hivyo, afande. Nimeuliza kama amekula. Akiugua huwa mtoto yule, mpaka umkalie umbembeleze."

Aliyekaa mbele yake ndiye mwanamke aliyeshukiwa kumtilia mumewe sumu, si mara moja, mara mbili. Kesho asubuhi angefikishwa mahakamani kusomewa shtaka la kujaribu kuua, na shtaka kama hilo halimwachi mtu akarudi nyumbani kupika.

Matthew Baya alikuwa mchuuzi wa mbuzi huko Mwakirunge. Alianguka mara ya kwanza mwezi uliopita, na mara ya pili juzi. Siku zote mbili ilikuwa jioni, uji aliopikiwa na mkewe ukiwa bado mkononi. Midomo ilivimba, akatapika, akazimia. Jana mama yake, Bi Kafedha, alikuja kituoni akaapa kwamba ni mkaza mwanawe, na askari waliokwenda kupekua nyumba wakarudi na chupa ya soda iliyofichwa uvunguni mwa kitanda. Ndani hamkuwa na soda. Mlikuwa na dawa ya kuogeshea mifugo, ile ya kuulia kupe, yenye harufu ya kupasua pua.

"Tuanze na chupa," Milcah alisema. "Ni yako?"

"Yangu."

"Uliinunua mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Mbuzi wa Matthew hulala bandani huko sokoni, hawaji kwenu. Sasa dawa ya mbuzi chini ya kitanda ni ya nini?"

Gladys aliukunja upindo wa leso yake, akaukunjua.

"Ni ya mambo ya nyumbani."

"Mambo gani?"

"Ya mke na mume. Nimeapa kutoyasema, na sitayasema."

"Unajua kimya chako kitasomeka vipi huko mahakamani?"

"Najua. Lakini nawe fikiri, dada yangu. Nikitaka kumuua mtu, nimtilie kwenye uji kitu kinachonuka mpaka kwa jirani? Matthew ana pua yule! Uji ukishika moshi kidogo tu, anajua."

Hoja ilikuwa na uzito wake. Milcah aliiweka kando.

"Nieleze ya juzi, tangu aliporudi."

"Alirudi na furaha. Akakaa kizingitini, akawa anajikuna viganja. Akaniambia, mke wangu, vyote viwili vinaniwasha leo, kesho neema yaja. Nikamwambia usijikune sana, utaifukuza. Tukacheka." Sauti yake ililegea kidogo, akaishika tena. "Nikamtilia uji. Hata nusu hakufika."

"Alikuwa anajikuna kabla ya uji?"

Gladys alifikiri. "Kabla. Nilikuwa bado naukoroga."

Kabla ya uji. Milcah alikuwa anayapima maneno hayo kichwani wakati Inspekta Erastus, mkuu wake, aliposukuma mlango na kumwita nje kwa kidole.

"Wamepiga simu kutoka hospitali," Inspekta alisema kwenye ukumbi. "Yule jamaa ameanguka tena. Sasa hivi."

"Na mkewe yuko hapa ndani."

"Yuko hapa, ndiyo. Basi ametuma mtu. Ama hiyo sumu hukaa mwilini halafu inaamka. Mimi si daktari. Nenda uone. Lakini kesho asubuhi faili iko kortini, tunaelewana?"

"Na akiwa hana hatia, afande?"

"Korti itasema. Hiyo ndiyo kazi ya korti." Alikwenda hatua chache, akageuka. "Amekula?"

"Bado."

"Mwambie akule, bana."

*

Koplo Abdulghani ndiye aliyeendesha gari. Alikuwa mtu wa Jomvu Kuu, amekaribia kustaafu, na ingawa cheo cha Milcah kilikuwa juu ya chake, alimwita mwanangu tangu siku ya kwanza, naye Milcah hakuona vibaya.

"Mwanangu," alisema walipoiacha lami, "mke anayetaka kumuua mumewe haulizi kama amekula."

"Huo si ushahidi, mzee."

"Wallahi nami sikusema ni ushahidi. Nimesema ni maneno."

Hospitali ilikuwa ndogo, ya misheni, imejengwa kwa mawe yaliyochongwa machimboni pale pale karibu. Muuguzi Emmaculate aliwapokea mlangoni huku akivua glavu. Mgonjwa alikuwa amechomwa sindano, amezinduka, presha inapanda kidogo kidogo.

"Mboni za macho yake zilikuwaje?" Milcah aliuliza. Jana alikuwa amempigia daktari wa mifugo, akajua kwamba mtu aliyelishwa dawa ile ya kupe hutokwa na mate na jasho, na mboni zake hunywea zikawa kama ncha ya sindano.

"Mboni zilikuwa sawa. Mate, hapana. Ngozi ndiyo iliyotutisha. Vipele, sista, vikubwa, vimeungana kutoka kifuani mpaka mapajani. Na mwasho! Alianza kuwashwa viganja na nyayo, halafu midomo ikavimba."

"Viganja."

"Viganja kwanza. Nilifikiri mzio. Lakini wa nini? Hakupewa dawa mpya, hakuumwa na nyuki, alikuwa amelala. Kitu cha mwisho kuingia tumboni ni supu ya asubuhi na mapema, na mzio wa chakula haungoji hivyo. Huja mtu bado anatafuna."

"Supu ya nani?"

Emmaculate alielekeza kwa kidevu.

Bi Kafedha alikuwa amekaa ubavuni mwa kitanda cha mwanawe, mgongo umenyooka, chupa ya chai ya maua mekundu imepakatwa kama mtoto. Matthew alikuwa amefumba macho, uso umemvimba.

"Shikamoo, mama," Milcah alisema.

"Marahaba. Mmemfunga?"

"Bado, mama. Humo ndani imebaki supu?"

"Imebaki. Waitakia nini?"

"Ningependa kuichukua, ikapimwe."

Mgonjwa wa kitanda cha pili aliacha kukohoa.

"Ikapimwe," Bi Kafedha alirudia taratibu. "Nimezika wawili kabla ya huyu. Nimeamka jogoo hajawika, nikachemsha miguu ya mbuzi mpaka mifupa ikaachia, kwani kwetu mgonjwa hasimami bila supu. Nanyi mwaja kunipimia?"

Akafungua kifuniko, akamimina kikombe kikajaa, akanywa. Akamimina tena, akanywa. Akaipindua chupa juu ya kikombe, likatoka tone, akalilamba.

"Mama," Abdulghani alisema kwa upole, "huo ulikuwa ushahidi."

"Sasa uko tumboni. Upimeni."

Abdulghani aligeukia dirisha, mabega yakimtikisika. Milcah alijing'ata mdomo. Ilikuwa hasara kwa maabara, lakini si kwa upelelezi: mtu aliyetia sumu hainywi yote mbele ya polisi. Na kama mama huyu angebaki mzima mpaka jioni, basi supu iliyomwangusha mwana haikumfanya kitu mama. Supu moja, chungu kimoja.

"Mama, nenda ukapunge upepo nje na koplo," alisema. "Nami nikae naye kidogo."

Walipotoka, Matthew alifumbua macho. Alikuwa macho muda wote.

"Gladys yuko wapi?" Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza. "Mama asema amekwenda kwao Likoni kumwuguza dadake. Gladys hawezi kuniacha hapa akaenda Likoni."

Muuguzi alikuwa ameonya asitishwe. Milcah alitazama vidole vya mtu yule vikivuta shuka, akaona kwamba uongo ulikuwa unamla kuliko ukweli.

"Yuko kituoni, Bwana Matthew. Anashukiwa kukutilia sumu. Tulikuta chupa ya dawa ya kupe chini ya kitanda chenu, naye hataki kusema ni ya nini."

Matthew alijaribu kuinuka. Milcah akamshika bega.

"Lala. Niambie tu."

"Ni yangu!" alisema, na machozi yakamtoka bila aibu. "Ni kwa ajili yangu mimi. Tangu masika nanunua mbuzi kule nyuma ya machimbo, vichakani. Kupe ni wengi ajabu. Narudi nao makwapani, kiunoni, kila mahali. Gladys hunitoa mmoja mmoja kwa kucha, halafu hunipangusa mafuta ya nazi. Nguo zangu anaziloweka peke yake kwenye maji yenye dawa ile. Mimi ndimi niliyemwapisha. Mchuuzi mwenye kupe mwilini, nani atakayenunua mbuzi wake? Nilimwambia, mke wangu, hata mama asijue."

Akainua mkono. Kwapani mlikuwa na madoa meusi, magumu, mengine bado yamechubuka.

Milcah aliyatazama madoa yale kwa muda mrefu. Mwanamke alikuwa tayari kusomewa shtaka la kujaribu kuua ili soko lisimcheke mumewe. Lakini hilo lilieleza chupa tu. Halikueleza kuanguka.

"Kabla ya masika uliwahi kuanguka hivi?"

"Kamwe."

"Siku ulizoanguka, mchana ulikula nini? Si jioni. Mchana."

Alipangusa uso kwa shuka. "Siku ile ya kwanza niliuza mbuzi wa banda zima. Tukachoma nyama na wenzangu. Juzi mbuzi mmoja alivunjika mguu, tukamchinja, nikala maini na mafuta."

"Mbuzi mara zote mbili. Na siku nyingine?"

"Samaki. Maharagwe. Mchicha. Muuza mbuzi, sista, nyama huila kwa macho."

Na leo, supu ya miguu ya mbuzi. Mara tatu mbuzi, na mara tatu mwili ukangoja kabla ya kumgeuka. Milcah aliinuka.

"Una ruhusa yangu kuchukua chochote," Matthew alisema, ingawa alikuwa bado hajaombwa. "Hata damu. Mradi umtoe."

*

Damu hiyo, kichupa kimoja kilichotolewa na Emmaculate na kufungwa ndani ya kikasha cha barafu, waliivusha mpaka Changamwe, kwenye ghorofa ambayo madirisha yake yalitazama kreni za bandari ya Kipevu. Huko Daktari Rosalia alikuwa na chumba chake cha utafiti. Alichunguza damu za wafugaji, wachinjaji na wachuuzi wa mifugo, kujua kupe wanawaachia nini. Milcah alimfahamu kwa njia ya ajabu: mwaka jana friji la sampuli za daktari liliibwa, na Milcah akalikuta Likoni likitumiwa kuuzia soda.

"Dada Milcah!" Rosalia alimkumbatia. "Friji langu halijambo. Ila bado linanuka stroberi."

Milcah alimweleza yote kwa mpango: viganja, vipele, mbuzi, jioni, kupe. Alipofika kwenye kupe, Rosalia aliweka kalamu chini.

"Rudia hapo. Aliumwa na kupe kwanza, ndipo nyama ikaanza kumkataa?"

"Hivyo ndivyo."

"Kaeni."

Wakakaa kwenye viti virefu visivyo na migongo. Abdulghani alikishikilia chake kwa mikono miwili.

"Kila chembe ya mwili wako," Rosalia alianza, "imeota sukari. Si sukari ya chai. Ni minyororo midogo ya sukari za namna nyingi, imesimama juu ya chembe kama majani juu ya kilima. Na chembe za kinga, hizo zinazotulinda, hazina macho. Zina vipokezi. Hupita zikipapasa ncha za majani hayo. Milcah, ukichambua mchele kwenye ungo, unatazama kila punje?"

"Hapana. Mkono unajua."

"Sasa umenielewa. Punje, punje, punje, jiwe. Kidole kinasimama kabla wewe hujafikiri. Chembe zetu zina sukari fulani nchani, na kipokezi kikiigusa hutulia: huyu wetu, apite. Kikigusa sukari ya kijidudu, hushika na kupiga kelele."

"Na mbuzi?" Abdulghani aliuliza.

"Mbuzi, ng'ombe, kondoo, wote wana sukari moja nchani ambayo binadamu hana. Sisi na jamaa zetu sokwe na nyani tuliipoteza zamani mno. Inaitwa alfa-gali. Samaki hana. Kuku hana."

"Lakini daktari, mimi nimekula mbuzi tangu nilipoota meno."

"Kwa sababu kwako ilipita mlango wa tumbo, na tumbo ni mwenyeji mstahimilivu. Kupe hapiti huko. Kupe ana sukari hiyo hiyo kwenye mate yake, naye huitia ndani ya ngozi, kwenye jeraha. Mwili wa baadhi ya watu ukiikuta hapo, huiweka alama ya adui. Hutengeneza kingamwili ya kuinasa hiyo tu, na kuitundika juu ya chembe za ulinzi zilizojaa kemikali kali. Kisha hungoja. Mtu akila mbuzi, sukari ikija ikanasa, chembe hizo humwaga kila kitu kwa pamoja. Ngozi huvimba, midomo huvimba, presha huanguka, na mtu naye huanguka."

Milcah alikuwa ameinama mbele. Alikuwa na maswali yake kwa zamu, kama anavyomuuliza shahidi.

"Mama yake amekunywa supu ile ile. Kwa nini yeye mzima?"

"Mwili wake haujafundishwa uadui huo."

"Na kwa nini asianguke pale pale anapokula? Muuguzi anasema mzio haungoji."

"Mzio mwingi haungoji. Huu unangoja, na ndiyo maana unatupotosha hata sisi. Sukari hii husafiri na mafuta ya nyama, na mafuta ni msafiri mzito. Huchukua saa nyingi kutoka tumboni mpaka kwenye damu. Mtu anakula mchana, jioni anaanguka, analaumu chakula cha jioni."

"Analaumu aliyekipika," Milcah alisema.

Kisha akashika simu yake kwa haraka. "Emmaculate? Ni Milcah. Bi Kafedha yuko wapi?"

"Mzima kabisa, ameenda nyumbani. Amesema hii supu mmemfanya ainywe yeye, kwa hiyo anapika nyingine. Atamletea kabla ya magharibi."

"Mzuie mlangoni. Supu isimfikie, wala nyama, wala mafuta yake. Mzuie kwa upole, tafadhali. Ni mama."

Rosalia alikuwa tayari amevaa glavu. Kwenye kisahani chenye vishimo vidogo vilivyopakwa sukari ile, alidondosha maji ya damu ya Matthew, na kwenye vishimo vya pembeni damu za watu wanaojulikana kuwa salama. Abdulghani alinyoosha kidole chake mwenyewe.

"Nitie na mimi, daktari. Mla mbuzi mkongwe. Tuone kama nimehukumiwa."

Wakangoja. Rosalia alimimina dawa moja, akaosha, akamimina nyingine, akaosha tena, na kila mara Milcah alijizuia kuuliza. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya kreni daktari alipotia tone la mwisho na kukisogeza kisahani kwenye mwanga.

Vishimo vya watu salama vilibaki vyeupe kama maji. Cha Abdulghani kilibaki cheupe, naye akashusha pumzi ambayo hakutaka isikike. Cha Matthew Baya kiligeuka rangi, kikakolea, kikawa manjano ya binzari.

*

"Nimuandikie mkuu wangu nini?" Inspekta Erastus alisema, akiitazama karatasi ya Rosalia. "Kwamba mshukiwa ni kupe?"

"Ndiyo, afande."

"Basi mkamate."

"Tutamtia pingu mguu upi, afande?" Abdulghani aliuliza. "Anayo minane."

Inspekta alijaribu kukunja uso, ikamshinda. Alimtaka Milcah aanze upya tangu mwanzo, naye akaanza: mwasho uliotangulia uji, mboni zisizonywea, mshtuko wa tatu wakati mshukiwa akiwa chini ya ulinzi, supu isiyomdhuru mama, kupe, mbuzi, mafuta, kisahani. Inspekta alimkatiza mara mbili, akampigia Rosalia mwenyewe, akampigia na daktari wa zamu. Mwishowe alivua kofia, akajikuna kichwa.

"Na Gladys alijua siri ya chupa ingemwokoa, akanyamaza?"

"Chupa ingemwokoa yeye na kumwaibisha mumewe."

"Mimi wangu angenitaja kabla hamjamwuliza jina." Akaivuta faili. "Hakuna korti kesho. Asubuhi anaenda nyumbani."

Ilibaki kazi moja, na hiyo haikuwa ya faili.

Bi Kafedha alikuwa bado kwenye benchi la mlango wa hospitali, chupa ya supu mpya mapajani, amemgeuzia Emmaculate kisogo. Milcah alikaa karibu naye. Alikuwa mwepesi wa maswali, lakini mzito wa kutoa habari, hasa kwa watu wazima. Alimweleza kwa maneno machache kadiri alivyoweza: kwamba kupe waliufundisha mwili wa Matthew kuikataa sukari ya mbuzi, kwamba supu ilikuwa safi, kwamba si sumu, na hakukuwa na mtu aliyetia kitu.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Aliitazama chupa.

"Kwa hiyo leo, aliyemwangusha ni mimi."

"Hukujua, mama. Hata hospitali haikujua."

"Hapo sina neno. Nilikuwa sijui. Lakini ya Gladys nilisema najua. Nilisimama pale kwenu, nikasema najua ni yeye. Tena nikaapa."

Milcah aliichukua chupa mapajani mwake, taratibu, akampa Abdulghani.

"Twendeni, mama. Tukurudishe nyumbani."

"La. Nitalala hapa na mwanangu. Asubuhi mnichukue. Nataka niwepo anapotoka."

Asubuhi ilikuwa na manyunyu. Milcah alimkuta Gladys amesimama tayari, leso amejifunga upya, uso ameosha. Alisaini alipotakiwa kusaini, akapokea simu yake.

"Amesema yeye mwenyewe?" aliuliza. "Ya kupe?"

"Mwenyewe. Akalia."

"Mjinga yule," Gladys alisema, akaukunja tena upindo wa leso. "Sasa soko zima litajua."

"Soko halijui. Tunajua sisi, na daktari. Na mama yake."

Gladys aliganda. Kupitia mlango uliokuwa wazi alimwona Bi Kafedha uani, amesimama kwenye manyunyu wala hajisitiri, viatu amevishika mkononi kwa sababu ya matope. Abdulghani alikuwa amemletea mwavuli, akaukataa.

"Si lazima umwone sasa," Milcah alinong'ona. "Kuna mlango wa nyuma. Naweza kukupeleka hospitali mwenyewe, na hayo ya kwenu mkayazungumza siku nyingine."

Gladys alifikiri. Alifikiri kwelikweli, na Milcah hakumharakisha. Usiku kucha alilala sakafuni kwa neno la mtu, na mtu huyo ndiye yule pale. Kisha akatoka, akashuka ngazi, akasimama mbele ya mavyaa wake.

"Shikamoo, mama."

Bi Kafedha alitikisa kichwa.

"Usiniamkie," alisema. "Leo ni mimi wa kukuamkia wewe." Na mwanamke yule mkubwa, aliyezika wawili, aliyeapa mbele ya polisi, akaanza kuinamisha kichwa. "Shika…"

"Hapana!" Gladys aliudaka mkono wake, viatu na vyote, kabla neno halijatimia. "Hapana, mama. Usinitie laana. Nina hasira na wewe, na bado nitakuwa nayo kesho. Tutagombana nyumbani, mlango umefungwa. Lakini hilo usilifanye."

Walibaki hivyo, mkono ndani ya mkono, viatu vikiwaning'inia kati. Afisa wa zamu alijifanya anasoma tangazo ukutani. Inspekta Erastus alirudi ofisini kwa kunyata.

"Shikamoo, mama," Gladys alisema tena. Safari hii ilikuwa amri.

Ilichukua muda. Manyunyu yalikuwa yakiwalowesha wote wawili.

"Marahaba," Bi Kafedha akaitika, kwa sauti ndogo ambayo Milcah hakuidhania kwake. "Marahaba, mwanangu."

Gladys aliupokea ule mwavuli kwa Abdulghani, akaufungua juu ya mama.

"Vaa viatu," alisema. "Tupitie kwa muuza samaki kwanza. Najua hajala yule."